Lazima ya Nani? Uhakiki wa Hoja Kuhusu Wahudumu wa Afya na Chanjo ya Amri

Hoja mbili, kosa moja

Mabishano juu ya chanjo ya lazima kwa wahudumu wa afya yamekuwa na sura moja karibu kila mahali. Serikali au mwajiri hutoa amri kwamba kila anayemgusa mgonjwa achanjwe, la sivyo aache kazi. Sehemu ya wafanyakazi hukubali, sehemu husitasita, na sehemu hukataa. Hapo watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kwamba mhudumu anayekataa chanjo ni mjinga au ni msaliti: ameahidi kulinda uhai, naye anauhatarisha, kwa hiyo afukuzwe, na mjadala ufungwe. Kundi la pili husema kwamba mwili wa mtu ni wake mwenyewe, na hakuna serikali yenye haki ya kuingiza kitu ndani yake bila ridhaa yake. Kwa hiyo aachwe, na mjadala ufungwe.

Makundi haya, ijapokuwa yanapigiana kelele, yanafanana, kwani yote mawili yanataka mjadala ufungwe. La kwanza linamwona mhudumu kuwa ni chombo, kitu cha kusafishwa kabla ya kutumiwa, kama mkasi wa chumba cha upasuaji. La pili linamwona kuwa ni mtu peke yake, asiye na mgonjwa mbele yake wala mfanyakazi mwenzake ubavuni. Kosa la kundi la kwanza ni urasimu. Kosa la kundi la pili ni ubinafsi. Wala hakuna kati ya makundi hayo linalouliza swali ambalo kada anapaswa kuliuliza kila anapoona amri yoyote: amri hii inamfunga nani, na inamwacha nani huru?

Msimamo wa makala haya ni kwamba katika kazi ya chanjo lazima ipo, tena haiepukiki. Lakini lazima hiyo ina mfuatano wake. Kwanza inamfunga mwenye mamlaka: alete chanjo, aieleze, ajibu maswali, na abebe dhamana ya madhara yanayoweza kutokea. Baada ya hapo ndipo inaweza kumfunga mfanyakazi. Mfuatano huo unapogeuzwa, kukataa kwa mhudumu huwa kama homa mwilini. Homa ni dalili, na anayeshughulika na homa tu bila kutafuta ugonjwa hamponyi mtu.

Tuondoe utata mmoja kabla ya kuendelea. Kuuliza swali hili si kuitilia shaka chanjo. Ndui iliyoua mamilioni ya watu imefutwa duniani kwa chanjo. Surua, polio na pepopunda ya watoto wachanga zimerudishwa nyuma kwa chanjo. Anayezungumza juu ya haki za wafanyakazi huku akiyaficha mambo haya hawatetei wafanyakazi, anawadanganya.

Mpishi wa Merka

Mfano unaofundisha kuliko mingi ni ule wa Merka, bandari ya kale ya pwani ya Benadir nchini Somalia, mwaka 1977. Wakati huo serikali ya Somalia na Shirika la Afya Duniani walikuwa katika hatua ya mwisho ya kuifuta ndui. Katika hospitali ya mji huo alikuwako mpishi kijana wa miaka 23, jina lake Ali Maow Maalin. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi ya muda katika kampeni ya kuchanja wananchi. Wafanyakazi wa hospitali walitakiwa kuchanjwa, lakini yeye hakuwa na kinga. Miaka mingi baadaye alieleza sababu kwa kinywa chake: aliogopa, aliona sindano inauma.

Katikati ya Oktoba mwaka ule gari lililobeba watoto wawili wagonjwa wa ndui, kutoka kwa jamaa ya wafugaji, lilifika hospitalini, dereva akauliza njia. Maalin alipanda ili amwonyeshe. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Mmoja wa watoto wale, msichana wa miaka sita, alifariki. Siku kama kumi baadaye Maalin akashikwa na homa. Kwanza alitibiwa malaria, kisha ikadhaniwa kuwa ni tetekuwanga. Ilipotambuliwa kuwa ni ndui, hospitali ilifungwa kwa wagonjwa wapya, njia za mji zikawekewa ulinzi, na katika muda wa wiki mbili watu 54,777 wakachanjwa. Maalin alipona, na hakuna aliyeambukizwa naye. Alikuwa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya asili, na Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha.

Watu 54,777 kwa hofu ya mmoja. Hapa kundi la kwanza litashangilia na kusema: mnaona? Lakini wasishangilie upesi, kwani mfano huu unawapinga wao kwanza. Agizo lilikuwapo Merka. Mfanyakazi hakukataa hadharani, hakuandika barua, hakuitisha mgomo. Alijipitishia kimya kimya. Agizo linaweza kuhesabu majina katika orodha, lakini haliwezi kuiona hofu iliyojificha nyuma ya jina. Hofu huonekana pale tu ambapo mtu anaweza kuitamka bila kudhihakiwa na bila kuandikiwa barua ya onyo.

Fundisho la pili linahusu maana ya neno lenyewe. Tunaposema mhudumu wa afya, fikra zetu humwendea daktari mwenye koti jeupe, kisha muuguzi, na hapo huishia. Aliyekuwa katika hatari Merka alikuwa mpishi. Mpishi, dereva, mfuaji wa mashuka, mfagiaji wa wodi, mlinzi wa lango: hawa wote hukutana na ugonjwa, na mara nyingi hukutana nao kabla ya daktari. Lakini semina inapoitishwa wao huachwa jikoni, na amri inapotolewa wao ndio wa kwanza kukumbukwa.

Fundisho la tatu ni kubwa zaidi. Somalia ilipokuwa inapambana na polio, Maalin alijitolea kufanya kazi ya chanjo. Aliwaendea wazazi waliokuwa wakisitasita, akawasimulia yaliyompata. Alifariki Julai 2013, kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo hiyo. Mtu ni yule yule aliyeuficha mkono wake. Kilichobadilika si sheria, ni ufahamu wake. Yeye ufahamu huo aliupata kwa njia ya maumivu. Kazi ya elimu ya siasa ni kumfikisha mfanyakazi huko bila kumpitisha kwanza katika maumivu.

Kutoamini kuna historia

Urasimu unapokutana na mfanyakazi asiyeamini, husema ana kasumba au amelishwa uvumi. Ni kweli kwamba uvumi upo, na wako wanaoufanyia biashara. Lakini uvumi ni mbegu, na mbegu haioti juu ya jiwe. Inatupasa tuuchunguze udongo.

Katika miaka ya 1940 na 1950, tawala za kikoloni katika Afrika ya Kati na ya Magharibi ziliwapiga watu mamilioni ya sindano za dawa iliyoitwa Lomidine, kwa madai ya kukinga malale. Haikuwa chanjo, lakini ilipigwa kwa mtindo wa chanjo: kijiji kizima kinakusanywa kwa amri, watu wanapanga mstari, wanachomwa. Mwaka 1954 huko Yokadouma, nchini Kameruni, mamia ya watu walioza nyama mahali palipochomwa sindano, na wasiopungua 28 walikufa. Baadaye ilithibitika kwamba kinga yenyewe iliyodaiwa ilikuwa hafifu mno. Ni lazima kada akumbuke jambo moja katika habari hii: waliozishika sindano katika kampeni za namna ile walikuwa, kwa sehemu kubwa, wauguzi wa Kiafrika. Waliamriwa wachome, wakachoma. Hawakuulizwa wala hawakuelezwa. Mhudumu wa afya katika Afrika anarithi pande zote mbili za historia hiyo, ya mchomaji na ya mchomwaji. Anayemtaka aamini kwa sababu tu ameamriwa anamrudisha kwenye mstari ule.

Mfano wa pili ni wa karibuni. Ufaransa ilipitisha sheria tarehe 5 Agosti 2021 iliyowataka watumishi wote wa afya wachanjwe dhidi ya UVIKO-19, na mwisho ukawa tarehe 15 Septemba. Katika Ufaransa yenyewe sheria ilitekelezwa kwa haraka: kati ya watumishi milioni 2.7 waliohusika, waliotangazwa kusimamishwa kazi mwanzoni walikuwa kama 3,000. Lakini katika visiwa vya Guadeloupe na Martinique, ambavyo Ufaransa ilivitawala kama makoloni na inavitawala hadi leo, sheria ile ile ilizua mgomo mkubwa mwezi Novemba, vizuizi vikawekwa barabarani, na serikali ikalazimika kusogeza tarehe mbele.

Je, wauguzi wa Guadeloupe ni wajinga kuliko wauguzi wa Paris? Hasha. Wamesoma mafunzo yale yale. Lakini katika visiwa hivyo mashamba ya ndizi yalinyunyiziwa kwa miaka mingi sumu ya wadudu iitwayo klorodekoni. Ufaransa ilipiga marufuku sumu hiyo mwaka 1990, lakini iliruhusu itumike visiwani hadi mwaka 1993, kwa faida ya wenye mashamba. Leo zaidi ya tisa ya kumi ya watu wazima wa visiwa hivyo wana mabaki ya sumu hiyo katika damu yao. Serikali iliyowaambia watu hawa mwaka 2021 kwamba inawajali afya zao ndiyo iliyokuwa imewaambia wazee wao kwamba shamba ni salama. Kutoamini kwao chanjo kulikuwa ni kosa la kisayansi, na UVIKO uliwaua wengi visiwani mwaka ule. Lakini kutoamini kwao serikali kulikuwa ni hukumu iliyojengwa juu ya ushahidi. Asiyetenganisha mambo hayo mawili hawezi kumshawishi mtu yeyote.

Amri ilimwangukia nani

Tutazame sasa upande wa matabaka, na hapa Uingereza inatoa somo lililo wazi.

Uingereza ilianza kulazimisha chanjo ya ndui kwa watoto wachanga mwaka 1853, na sheria ya mwaka 1867 ikaongeza makali. Utekelezaji uliwekwa chini ya bodi zile zile zilizoshughulikia mafukara, na mzazi aliyekataa alitozwa faini tena na tena. Tajiri alilipa na kusahau; maskini aliuziwa vyombo vyake au alifungwa. Mwaka 1885 makumi ya maelfu ya watu waliandamana katika mji wa viwanda wa Leicester kuipinga sheria hiyo. Mwaka 1898 Bunge likakubali kwamba mwenye pingamizi la dhamiri asiadhibiwe. Waandamanaji wale walikosea juu ya chanjo, lakini hawakukosea juu ya sheria: waliona kwamba adhabu moja kwa matajiri na maskini si adhabu moja.

Miaka zaidi ya 130 baadaye hali ilijirudia kwa sura mpya. Amri ya kwanza ya kisasa ya chanjo ya UVIKO-19 nchini Uingereza haikuanza kwa madaktari bingwa. Ilianza tarehe 11 Novemba 2021 kwa wafanyakazi wa nyumba za kutunzia wazee na wasiojiweza, ambao wengi wao ni wanawake, wenye mishahara ya chini, na wengi ni wahamiaji. Serikali yenyewe ilikuwa imekadiria kwamba kama 40,000 kati yao wangeacha au kupoteza kazi. Kwa watumishi wa huduma ya afya ya taifa, wakiwamo madaktari na wauguzi, amri ilipangwa ianze tarehe 1 Aprili 2022. Tarehe hiyo ilipokaribia, ilionekana wazi kwamba hospitali zingepoteza makumi ya maelfu ya watumishi wakati wa shida. Tarehe 31 Januari 2022 Waziri wa Afya, Sajid Javid, alitangaza Bungeni kwamba amri itafutwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba kirusi kimebadilika, aina mpya ya Omicron ina makali madogo zaidi, na uwezo wa chanjo wa kuzuia maambukizi umepungua.

Sababu hiyo ilikuwa na ukweli wa kisayansi. Lakini Omicron haikuwasubiri wafanyakazi wa nyumba za wazee. Mama aliyefukuzwa Novemba kwa kutochanjwa alikuwa ameshakaa miezi miwili na nusu bila mshahara siku Waziri alipogundua kwamba amri haifai. Sheria ilifutwa rasmi katikati ya Machi 2022. Amri ilianza na wale ambao kuondoka kwao hakukuitisha serikali, ikarudi nyuma ilipowafikia wale ambao kuondoka kwao kungefunga hospitali.

Kundi la pili, lile la ubinafsi, nalo lina jambo la kujifunza hapa. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Leicester mapema mwaka 2021, kabla ya amri yoyote, ulikuta kwamba kati ya watumishi weupe kama 71 kwa kila 100 walikuwa wamekwisha chanjwa, wenye asili ya Asia ya Kusini kama 59, na watumishi weusi kama 37 tu. Kama kukataa chanjo kungekuwa ni suala la uhuru wa mtu binafsi tu, uhuru huo ungegawanyika sawa baina ya rangi zote. Haukugawanyika sawa. Uligawanyika kwa kufuata mistari ile ile inayogawa mishahara, vyeo na heshima. Utafiti mwingine wa mwaka huo huo nchini Uingereza ulionyesha kwamba watumishi waliohisi wanashinikizwa na waajiri wao ndio walioelekea zaidi kukataa. Wasiosikilizwa walipata jambo moja ambalo wangeweza kulikataa, wakalikataa hilo.

Hiari isiyo na elimu

Wapo watakaosema kwamba, kwa kuwa amri ina makosa hayo yote, hiari ndiyo jibu. Tanzania ilifuata njia ya hiari, na hapana budi tuihakiki njia hiyo kwa ukweli ule ule.

Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alitilia shaka hadharani chanjo za UVIKO-19. Tarehe 1 Februari Wizara ya Afya ikatangaza kwamba hakuna mpango wa kuzipokea. Baada ya kifo chake mwezi Machi, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu. Tarehe 24 Julai nchi ilipokea dozi 1,058,400, na tarehe 28 Julai Rais mwenyewe alichanjwa mbele ya taifa na kuzindua kazi hiyo. Wahudumu wa afya waliwekwa katika kundi la kwanza, pamoja na wenye umri wa miaka 50 na zaidi na wenye magonjwa sugu. Ilisisitizwa tangu mwanzo kwamba chanjo ni ya hiari.

Kugeuka kuelekea sayansi kulikuwa jambo sahihi, na kiongozi kutangulia kutoa mkono wake ndio mfano tunaoutaka. Lakini tumtazame muuguzi wa zahanati ya kijijini. Februari aliambiwa na wakubwa wake kwamba chanjo haihitajiki. Wananchi walimwuliza, akawajibu hivyo. Agosti aliambiwa awe wa kwanza kuchanjwa na awaongoze wananchi wale wale. Katika miezi sita alitakiwa ageuke mbele ya macho ya kijiji kizima, na mara nyingi pasipo mtu wa kukaa naye chini kumweleza kilichobadilika ni nini. Akisitasita, je, tumwite mkaidi? Huenda alikuwa na kumbukumbu nzuri tu. Kwa mtu wa namna hiyo neno hiari halikuwa zawadi, lilikuwa upweke. Jamii ilimwambia: amua mwenyewe, na pale alipohitaji maelezo, wa kumpa akawa hayupo. Kasi iliongezeka baadaye, hasa pale chanjo ilipoletwa karibu na watu na viongozi wa ngazi za chini waliposhirikishwa katika mpango harakishi na shirikishi ulioanza Septemba.

Jirani zetu Kenya walichagua njia nyingine. Agosti 2021 Mkuu wa Utumishi wa Umma aliagiza watumishi wote wa serikali wawe wamepata dozi ya kwanza kufikia tarehe 23 ya mwezi huo, la sivyo wachukuliwe hatua za nidhamu. Na hii ilikuwa wakati ambapo chanjo zenyewe zilikuwa bado haba. Amri kwa mtu ambaye hata kama anataka huenda asiipate, na hiari kwa mtu ambaye hata kama anauliza huenda asijibiwe, ni matunda ya mti mmoja. Katika hali zote mbili mwenye mamlaka amejitoa katika wajibu wake na kuuweka wote juu ya mabega ya mtumishi.

Lazima inayoanzia kwa mwajiri

Je, upo mfano wa lazima iliyopangwa kwa mfuatano wake halali? Upo, na unahusu ugonjwa ambao wahudumu wetu wanaujua vizuri: homa ya ini aina ya B. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2002 kwamba kila mwaka wahudumu kama milioni 3 duniani huchomwa na sindano au vyombo vyenye damu ya wagonjwa, na kama milioni 2 kati yao hukabiliwa kwa njia hiyo na virusi vya homa ya ini aina ya B. Sehemu kubwa ya ajali hizo hutokea katika nchi maskini. Chanjo dhidi yake imekuwapo tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Ni dozi tatu, na aliyezimaliza hupata kinga ya miaka mingi.

Nchini Marekani, ngome ya ubepari ambamo hatuendi kutafuta mafundisho ya haki za wafanyakazi, vyama vya wafanyakazi wa hospitali vilidai hatua dhidi ya hatari hiyo, na mwaka 1991 serikali ikatoa kanuni. Kanuni ile haikumlazimisha muuguzi kuchanjwa. Ilimlazimisha mwajiri: atoe chanjo bila malipo, aitoe katika siku 10 za kazi tangu mtumishi apangwe kwenye kazi yenye hatari, amfundishe kwanza, na ampe vifaa vya kujikinga. Mtumishi aliyekataa baada ya kuelezwa alitia sahihi kwamba amekataa, na mlango ukabaki wazi siku atakapobadili mawazo. Maambukizi ya homa ya ini aina ya B kwa wahudumu wa afya wa nchi hiyo yalikadiriwa kuwa 17,000 mwaka 1983. Mwaka 1995 yalikadiriwa kuwa 400. Kushuka huko kulianza kabla ya kanuni, chanjo na tahadhari zilipoanza kuenea, lakini kanuni ndiyo iliyohakikisha kwamba mfanyakazi wa chini naye anafikiwa.

Sasa tulinganishe na hali ya Afrika. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikadiria kwamba ni kama robo tu ya wahudumu wa afya wa bara letu waliomaliza dozi zote tatu. Nchini Tanzania chanjo hiyo iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002. Muuguzi aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni, na inambidi aipate kazini. Huyu ndiye tunayebishana juu ya ukaidi wake. Kuna chanjo ambayo yeye mwenyewe anaihitaji, inayomlinda yeye na watoto wake dhidi ya damu anayoigusa kila siku, na wengi wa aina yake hawajapewa. Kisha siku moja anafikiwa na gari la wizara, na kwa mara ya kwanza taifa linaonekana kuujali mkono wake. Naye anaulizwa kwa nini anashuku.

Kazi ya kada

Kutokana na uhakiki huu tunaweza kupata msimamo wenye pande zote mbili.

Kwanza, lazima ipimwe kwa kazi ya chanjo yenyewe. Chanjo inayozuia ugonjwa usipite kutoka kwa mhudumu kwenda kwa mgonjwa, kama ya surua, inatoa haki kubwa zaidi ya kulazimisha kuliko ile ambayo faida yake kubwa ni kwa anayechanjwa. Anayelazimisha zote kwa nguvu moja anaidhulumu sayansi kabla ya kumdhulumu mtu.

Pili, amri isitangulie elimu, na elimu maana yake si bango ukutani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia karibu watu wazima milioni 2 nchini Tanzania kwa redio, vitabu na vikundi vya kujadiliana, na wananchi walikaa, wakauliza, wakabishana, kisha wakatenda. Kilichowezekana kwa wakulima vijijini hakiwezi kushindikana kwa wafanyakazi 12 wa kituo cha afya, pamoja na mpishi wao na mlinzi wao.

Tatu, mfanyakazi aliyepewa chanjo, aliyeelezwa, aliyejibiwa na kuhakikishiwa kwamba akidhurika hataachwa peke yake, hana tena haki ya kujificha nyuma ya neno uhuru. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake na mzee asiye na kinga hawakuchagua mhudumu wao. Mtu huyo aondolewe katika wodi za wagonjwa dhaifu, apangiwe kazi nyingine. Na kama hakuna kazi nyingine, hapo ndipo swali la ajira linaweza kuulizwa kwa haki. Lakini liulizwe mwisho, na liulizwe kwa mganga mkuu kwa sauti ile ile linavyoulizwa kwa mfagiaji.

Kada anapofika katika hospitali ya wilaya na kuletewa orodha ya waliokataa kuchanjwa, asiisome kwanza. Aombe orodha nyingine: ni wangapi waliopewa dozi zote za homa ya ini, ni lini mara ya mwisho wafanyakazi wote walikaa na mtaalamu na kumwuliza maswali, na ni nani aliyejibu. Kama orodha hiyo haipo, basi waliovunja lazima hawajaandikwa bado katika orodha ya kwanza.